Mulango wa Nyuma wa Papa Semivumbi

Siku ya kwanza nilipoingia ateliye, karakana ya mbao, hapa Goma, miaka ya hamsini, Kapita alinipa randa, akanisimamisha mbele ya rundo la mbao, akasema: «Leo utapiga randa. Kesho utapiga randa. Ukichoka, barabara ya kurudi kwenu Masisi iko pale pale.» Kapita ndiye alikuwa mukubwa wetu sisi mafundi weusi; Patroni, Mbelgiji mwenye ateliye, tulimuona siku ya mushahara tu. Ninyi vijana munanunua mulango barabarani, munaufunga na waya, munasema mumefanya kazi. Ee Mungu wangu!

Sisi tulifanya madirisha na milango ya kuzuia upepo, zaidi kwa nyumba za Wazungu upande wa Himbi, ambako ziwa likichafuka vioo vilikuwa vinapasuka. Nje ya kioo tulitia vole, yaani mbao nzito za kufunika dirisha mvua ikitisha. Fremu tuliipigia vyuma vilivyoingia ndani ya ukuta urefu wa kiganja, kisha simenti. Mulango ulikuwa wa mbao mbili zilizolaliana, na komeo la chuma kwa ndani. Walinituma Kiwanja, halafu Vitshumbi kufunga milango ya gala la samaki, nikarudi Goma nikiwa fundi kamili. Kila mahali Kapita alituimbia wimbo mumoja: «Musikubali nusu. Upepo ukipata tundu moja, unaingia, unakosa pa kutokea, unaondoka na paa.»

Sasa, Papa Semivumbi alikuwa kaka ya muke wangu, mufugaji aliyeteremuka kutoka Masisi. Alijenga hapa Goma nyumba ya matofali na mabati ili mutoto wake Faustin amuingize bibi arusi humo. Upepo ukang'oa bati mbili kabla hata ya arusi. Akaniita.

«Shemeji, nipe devi.» Devi ni bei ya kazi nzima, inatajwa kabla ya musumari wa kwanza.

Nilipima, tukahesabu na Kapita. Madirisha na mulango wa mbele yalikula bei ya ng'ombe mumoja. Upande wa nyuma, mwingine.

«Ninao wawili,» akasema, «lakini mumoja, Gaju, amekwisha kutajwa mbele ya wakwe. Ng'ombe wa mahari akitajwa hauzwi. Funga mbele. Upepo unatoka ziwani. Nyuma kuna mulima tu.»

Nikamupa maneno ya Kapita. Akacheka: «Kapita wako anauza mbao.»

Faustin akasema polepole: «Papa, tumuuze Gaju. Wakwe watatungoja tupate mwingine.»

«Nyamaza! Unataka kule Masisi waseme nilikula ng'ombe wao?»

Basi, tulifunga mbele. Nyuma ukabaki mulango wake wa zamani, wa mbao za sanduku.

Arusi ilikuwa imekaribia siku mvua ya mawe ilipoteremuka, muchana, kutoka upande wa mulima. Mulango wa nyuma ulianza kukatika. Faustin, aliyekuwa ndani na baba yake, akausukuma kwa mugongo, akimupigia muzee kelele atoke. Muzee akatoka. Upepo ukavunja mulango, ukajaa ndani. Mbele kote kulikuwa kumefungwa, ukainua paa, na ukuta wa nyuma ukamuangukia kijana. Nilikimbia mpaka pale. Tulimutoa akiwa amekufa. Madirisha yangu yalikuwa yamesimama, hata kioo kimoja hakikupasuka. Niliyachukia madirisha yale, ninawaambia.

Wakwe walikuja kwenye matanga. Baba ya bibi arusi alimushika Papa Semivumbi mukono, akasema: «Ndugu yangu, ungetuomba tungoje, tungengoja.» Matanga yalipoisha muzee alimuuza Gaju, akajenga ukuta upya, akaniita.

«Shemeji, funga nyuma.»

«Kwa ajili ya nani, Papa?»

«Funga tu.»

Nilifunga. Kapita mwenyewe alikuja kutazama, akatikisa komeo, akaondoka bila kunitania.

Nilitumika miaka mingi baada ya pale, mpaka vidole vikakataa kushika randa, nikapumuzika. Wajukuu wananiuliza ni kazi gani niliifanya vizuri kuliko zote. Ni mulango ule. Papa Semivumbi aliifunga nyumba kwa ufunguo, akapanda kurudi Masisi, na hakuna mutu aliyelala ndani ya nyumba ile hata siku moja.