Mbuzi Waliomtangulia Binti Yangu

Binti yangu alizaliwa mdomo na kaakaa vimepasuka. Vilishonwa akiwa mchanga, lakini ufizi wa juu ulibaki na pengo, na jino haliwezi kuota hewani. Mwaka jana daktari akatueleza kwamba atalijaza pengo hilo kwa unga maalum unaousaidia mfupa kuota. Binti yangu, ambaye hunyamaza kila mahali isipokuwa pale ninapotaka anyamaze, akauliza unga huo ulijaribiwa kwa nani.

"Kwa mbuzi," daktari akasema. "Walitobolewa ufizi, wakawekewa."

"Wakapona?"

"Mfupa uliota vizuri."

"Halafu wakarudi nyumbani?"

Niliomba kimoyomoyo adanganye. Hakudanganya. Alisema waliuawa, ili mfupa ukatwe uangaliwe ndani.

Upasuaji ulikwenda salama. Tulirudi nyumbani Mumbuni na onyo moja: ale vyakula laini na ashibe, la sivyo kidonda kitachelewa kupona na mfupa huenda usishike. Mama yangu hakungoja kuitwa. Alikuja kutoka Matuu na beberu, akamfunga nyuma ya jiko. Kwetu mtu akiwa na mfupa unaounga hupewa supu ya mifupa ya mbuzi, na hakuna anayeuliza kwa nini.

"Susu, hiyo siwezi kunywa," binti yangu akamwambia nyanya yake, mdomo umevimba. "Mbuzi wamenifia wa kutosha." Kisha akagoma uji na maziwa pia, mpaka huyo beberu afunguliwe.

"Hiyo supu ndiyo ilinisimamisha nilipovunjika mguu," mama akasema, akageuza uso. Kukataa supu yake ni kumkataa yeye. Mimi nilipandwa na hasira, na ndani ya hasira hiyo nilikuwa naogopa sana. Miaka yote ile ya kungoja, halafu mfupa uharibike kwa sababu ya huruma!

"Sikiza," nikamwambia binti yangu. "Daktari angeniuliza, ningemletea hao mbuzi mimi mwenyewe. Na huyu beberu wa susu wako pia. Na ningelala usingizi mzuri."

Nilidhani atalia. Alinitazama tu, kwa upole ulioniudhi zaidi.

"Najua, mami. Wewe huwezi kuwahurumia, uko na mimi wa kuhurumia. Wacha mimi niwahurumie."

Mama aliinuka, akaenda kumfungua beberu. Mimi nikapasha uji.