Ngoma Iliyovuta Sufuria

Nasema wazi kwa sababu wengine wameisimulia vibaya: ile mashine niliiunda mimi. Sikusaidiwa na Mzungu, wala Mhindi, wala kitabu. Shule niliiachia darasa la tatu huko kwetu magharibi, na mwanzoni mwa miaka ya hamsini hakukuwa na fundi wa lori Thika aliyenishinda kusikiliza injini. Anayebisha aje.

Akili niliipata ndani ya spidomita ya lori la mkonge. Nilipoifungua nilikuta sumaku inayozungushwa na waya kutoka giaboksi, na juu yake kikombe kidogo cha alumini, madini ya sufuria, kilichoshikilia mshale. Havigusani. Na sumaku haishiki sufuria, kila mtu anajua. Lakini nilipoizungusha kwa vidole, kikombe kikafuata! Chai yangu ilipoa nikiwa nimekodolea macho kitu kile. Baadaye nikaelewa: sumaku ikienda mbio inaamsha umeme ndani ya bati la kikombe, umeme unajizungusha humo kama maji ya mto Chania nyuma ya jiwe, na kwa muda ule bati lenyewe linageuka kama sumaku. Ukisimamisha, limekufa tena.

Siku hizo nilikuwa nikikusanya vyuma chakavu pembeni ya kazi ya gereji. Kuchambua vipande vya sufuria kutoka kwenye madini ya risasi na mawe kulinikata vidole. Basi nikatoa sumaku kwenye matrekta mabovu, nikazipanga kuzunguka gurudumu la mbao, hii kichwa nje, ile kichwa ndani, nikalivika ngozi, nikaliunganisha na pedeli za baiskeli. Kwa umbo lake nikaliita ngoma. Chuma unakitoa kwanza, kisha unakanyaga pedeli kwa nguvu: mawe na risasi vinaanguka hapo hapo, vipande vya sufuria vinaruka mbele peke yao.

Kilichobaki ni mahali pa kuiweka. Ruiru, karibu na stesheni, kulikuwa na banda tupu la mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa upande wa Theta. Banda lile ndilo lingenitoa chini ya amri za watu, na gereji nilikuwa nimeshaaga. Mzee akasema, "Reta hiyo kitu nione kwanza."

Nikaipeleka. Alikuja na mkewe na wazee wenzake wawili. Nikaomba kifuniko cha sufuria ya mama huyo, nikakisimamisha juu ya ncha ya msumari, ngoma ikiwa chini yake, nikakanyaga. Kifuniko kikaanza kuzunguka, taratibu, halafu mbio.

"Nani anavuta?" mzee akauliza.

"Ngoma, mzee!" nikajibu, kifua mbele. "Iko hapa chini. Mimi naipa nguvu, yenyewe inavuta bila kugusa."

Sasa mjue: kwa Kiswahili ngoma ni ya kupigwa na kuchezwa. Kwa Kikuyu ngoma ni shetani. Miaka yote Thika nilisema Kiswahili cha gereji, na hilo hakuna aliyenieleza.

"Umereta ngoma kwa nyumba yangu? Na unaipa nguvu?" Mzee alirudi nyuma, kofia kifuani. "Toa! Toa haraka!"

Mkewe, aliyewahi kuuza mboga Nairobi kati ya Waswahili, alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, huyu anasema kihembe! Ngoma ya kupiga, pam pam!"

"Kumbe shetani siku hizi anaendesha baiskeli," mzee mmoja akasema, na wote wakacheka, isipokuwa mwenye banda. Alikuwa ameshatamka mbele ya watu kwamba ni shetani, na kulimeza neno lake hakutaka. Akatoa ufunguo mfukoni, akauning'iniza kwa kamba yake.

"Basi aite pipa. Hapa ndani jina ya ngoma haitatajwa. Sema pipa, uchukue."

Mama akaninong'oneza, "Sema pipa, mwanangu. Ni neno tu."

Damu ilinipanda. Kama ni neno tu, mbona yeye hakuweza kulimeza? Masikio yake yakosee, toba nifanye mimi? Kitu nilichokiunda kwa mikono hii, mtu ambaye hajui hata kufunga nati anipe jina lake?

"Mzee," nikamwambia, "kama ni pipa, tia maji uone kama yatakaa."

Ufunguo ukarudi mfukoni.

Niliifunga ngoma kwenye karia ya baiskeli, nikaisukuma mpaka Thika, nikatukana kila jiwe la barabara. Nilifanya kazi nje, nyuma ya soko, mvua ikininyeshea, mpaka nikajenga banda langu mwenyewe. Na Ruiru wakaendelea kuniita "yule wa ngoma", wakiwazuia watu wasiniletee mali.

Vizuri. Kwenye geti nikaandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: NGOMA.

Siku moja mzee yule akasimama nje na mkokoteni wa punda, umejaa sufuria kuukuu. Mkewe akaingia, akanisalimu. Yeye akabaki barabarani. Nikatoka.

"Unapeleka wapi, mzee?"

"Hapa."

"Hapa panaitwaje?"

Akalitazama geti. Jua lilikuwa kali, nami nikangoja. Mama akasema, "Baba, ni neno tu."

Akamgeuza punda. Nilizisikia sufuria zikigongana mpaka kwenye kona, na sikumwita.