Waasi katika Mtaro Wetu

Mtaro wa maji ya mvua tuliouchimba mtaani kwetu Nyamianda ulilalwa na waasi kabla haujapitisha tone la maji. Tuliuchimba wenyewe, majirani, kila Jumamosi, baada ya mafuriko kubeba jiko la mama mmoja mjane. Yeye ndiye aliyetukusanya. Waasi walipoingia mjini wakitangaza kwamba wametuletea uhuru wa pili, waliona tumewachimbia handaki zuri. Wakaziba upande wa juu kwa mawe ili risasi zisiwafikie.

Mjane akamwendea mkubwa wao.

“Komanda, hii iko njia ya maji. Mukiiziba, maji yatapita kwangu.”

“Mama, sisi tunalinda haki zenu.”

“Haki yangu ni kulala pakavu. Mvua ikija, mutaipiga risasi?”

Wapiganaji wakacheka. Komanda naye akacheka, akatusifu kwamba tunajua kuchimba, kisha akatuamuru tuchimbe mtaro mwingine wa maji. Tulizunguka mtaa mzima na majembe. Nafasi pekee iliyobaki ilipita katikati ya nyumba ya mjane. Tulikuwa bado tunabishana mlangoni kwake mvua ilipoanza kunyesha milimani, juu ya mtaa wetu.