Jiwe Lisilotaka Polepole

Kwa miezi mitatu, Elinipendo Tarimo alikuwa akianguka kutoka kwenye jiwe lilelile. Liko kando ya mto, nyuma ya migomba ya Marangu, na kimo chake ni mara mbili ya mtu. Hupandwa bila kamba. Chini huwekwa godoro na mtu wa kumkinga anayeanguka. Mtu huyo ni Godlove, dereva wa gari la maziwa katika kituo ambako Elinipendo hupima maziwa.

Jumamosi Godlove anahamia Holili, mpakani, na Elinipendo amemwahidi mumewe kuwa hatapanda peke yake. Jioni ile ya Ijumaa, baada ya kazi, ilikuwa nafasi ya mwisho.

Alianguka mara mbili. Aliwahi kuwa mpagazi Kilimanjaro kwa miaka tisa, na mlima ulimfundisha kwenda polepole na kupumzika kila baada ya hatua chache. Kwenye jiwe alifanya vivyo hivyo, mpaka vidole vikaishiwa nguvu.

"Dada Eli, hii siyo Kibo! Unapumzikaje huku unaning'inia?"

"Wanaokimbia mlimani hurudishwa kwa machela."

"Machela yako ni hili godoro. Nenda!"

Akajipaka chaki mikononi isiteleze. Safari hii hakungoja popote. Akashika ukingo wa juu, ambao alikuwa hajawahi kuugusa, akajivuta, akasimama. Godlove alipiga mluzi hadi ng'ombe wa jirani wakaitikia.

"Haya shuka, dada, giza linaingia!"

"Nashuka polepole," alisema Elinipendo, akaketi kwanza juu ya jiwe lake.