Rangi Iliyokaukia Juu ya Moto

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Hanang ikiuma hadi mifupani, nikiwa nimeingiza mkono wangu wote ndani ya bawa la ndege. Usicheke, mwanangu. Mikono hii unayoiona imekunjamana kwa kumenya maharage ilikuwa midogo na myepesi, na ndiyo iliyonipa kazi.

Zilikuwa enzi za mashamba ya ngano ya serikali. Mimi nilitoka Tlawi, msichana aliyemaliza shule na hataki kurudi shamba, nikapata nafasi kwenye karakana ya shamba moja huko uwandani, upande wa pili wa Mlima Hanang. Ngano ilikuwa inaanzia mlangoni na kuishia upeo wa macho. Wafugaji waliokuwa wakichunga hapo kabla ngano haijachukua malisho yao walisimama mbali na ng'ombe wao wakitutazama, na jambo hilo sikulifikiria wakati ule kama ninavyolifikiria sasa. Ujana una macho ya mbele tu.

Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Shabani, mtu wa Kondoa, mpole wa maneno lakini mgumu wa kazi. Ukimwamkia "Shikamoo Mzee" anaitikia "Marahaba," kisha anatazama mikono yako kabla ya uso. Yeye ndiye aliyekuwa akiunda ndege. Ndiyo, ndege. Shamba lilikuwa na ndege yake ya kupulizia dawa, na Mzee Shabani aliitunza kwa miaka mingi. Mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba na kurudi kwao, aliacha michoro ya ndege ndogo ya watu wawili, mabati ya alumini, injini na makopo kadhaa ya rangi. Wengine wangetengeneza masufuria. Mzee Shabani alitengeneza ndege, kila Jumamosi na kila jioni, na sisi vijana wawili tukimsaidia: mimi na Emanueli.

Emanueli alikuwa kijana wa Endasak, mpaka rangi wa karakana. Alikuwa na mkono safi na roho ya woga kidogo, woga wa kuharibu. Akipewa kitu cha maana alikibeba kama anabeba mayai. Nilimtania sana kwa hilo, na yeye alinivumilia.

Ndani ya bawa la ndege, kabla hujalifunga kwa ribiti, vile vipini vya kubana mabati, lazima upake rangi ya kwanza, praima, ili alumini isiliwe. Alumini nayo huoza, mwanangu, ila haioti wekundu kama chuma. Inatoa unga mweupe, polepole, na ukishalifunga bawa hakuna jicho litakalofika huko tena. Praima aliyoiacha yule mgeni ilikuwa ya makopo mawili, rangi yenyewe na dawa ya kuikausha, unavichanganya ndipo unapaka. Tatizo ni kwamba muda wake ulikuwa umekwisha. Tarehe ilikuwa imepigwa mhuri kwenye kifuniko na kila mtu aliiona.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Meneja wa shamba alisema tarehe ni maneno ya watu wa kiwandani wanaotaka tununue tena, na kwamba rangi haijui kusoma kalenda. Alikuwa na haraka yake: wageni wakubwa walikuwa wanakuja kwenye sherehe ya mavuno, naye alitaka waione ndege iliyoundwa na mikono ya wananchi ikiruka juu ya ngano. Ngoja ngoja huumiza matumbo, akatuambia. Mzee Shabani akamjibu taratibu kwamba haraka haraka nayo haina baraka. Miaka ile dukani hukupata hata sabuni, sembuse praima ya ndege, kwa hiyo kuyatupa makopo kabla ya kuyajaribu hakutaka, na kuyaamini bila kuyajaribu hakutaka vilevile. Akamwagiza Emanueli apake kipande cha bati, akiache kikauke, kisha kikwaruzwe, kikunjwe na kufutwa kwa tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi. Kikishinda, tunapaka bawa.

Kipande kilishinda. Emanueli alikileta Jumatatu asubuhi, rangi imekaza kama jiwe. Mzee alikwaruza kwa msumari, haikutoka. Alikikunja, haikupasuka. Alikifuta kwa tina, kitambaa kikabaki kisafi. Tulifurahi sote. Bawa la kulia likapakwa, likaachwa bandani, na baada ya siku kadhaa ukiligusa kwa kiganja lilikuwa kavu. Tukaanza kulifunga.

Kazi yangu ilikuwa kushika chuma kwa ndani wakati Mzee anagonga ribiti kwa nje. Ndiyo maana walihitaji mkono mdogo. Tulikuwa tumefika mstari wa mwisho asubuhi hiyo ninayokusimulia, na waliosimama pale walikuwa wengi kuliko kawaida. Meneja alikuwepo, maana wageni walikuwa wanafika kesho yake. Rubani Gervas alikuwepo pia, kijana aliyeletwa kwetu kikazi, mwenye mke nesi wa zahanati ya shamba na mtoto mchanga bado ananyonya. Yeye ndiye ambaye angeirusha. Alikuwa anazungukazunguka bawa, analipapasa huku anatabasamu.

Chuma kiliniteleza kidogo, ukucha wangu ukaburuza ndani ya bawa, na nikahisi kitu kinakunjika. Nikaburuza tena. Nilipoutoa mkono, chini ya ukucha kulikuwa na ukanda wa rangi, laini, umejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Juu ilikuwa imekauka, chini ilikuwa bado ugali.

Nilimwonyesha Mzee Shabani. Aliuchukua ule ukanda, akauviringisha kati ya vidole, akanusa.

Meneja ndiye aliyesema kwanza. Aliuliza, tena kwa upole kabisa, ni nani atakayeona ndani. Ndege ingeruka kesho robo saa tu, wageni wangepiga makofi, halafu tungeifungua na kurekebisha kwa nafasi yetu. Nakwambia ukweli, mwanangu, maneno yale yalikuwa matamu masikioni. Tulikuwa tumechoka. Na alumini hailiki kwa siku moja. Lakini mimi nilimtazama Gervas, nikamwona akilini mkewe akiwa na mtoto mgongoni, nikajua kwamba ndege ikisharuka na kupigiwa makofi, hakuna atakayeifungua tena. Kitu kilichosifiwa hakifunguliwi. Ingeruka hivyo mwaka huo na mwaka uliofuata, hadi siku bawa lingekataa.

Mzee Shabani alimgeukia Emanueli. Hakumuuliza kama aliharibu. Alimuuliza kipande kile cha majaribio kilikaukia wapi.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penye kiini. Emanueli alikuwa na mlango wa kutokea, wazi kabisa. Angesema "bandani," basi sote tungelaumu makopo na tarehe yake, na yeye angebaki msafi. Hakuna shahidi. Alisimama akipangusa mikono kwenye ovaroli, akapangusa tena, akasema:

"Mzee, sikukiacha bandani. Jumamosi nilienda nacho nyumbani. Niliogopa umande utakiharibu, nikakining'iniza juu ya moto kwa mama, pamoja na mahindi ya mbegu."

Wewe uliyekulia kwenye nyumba ya bati na jiko la mkaa labda huelewi. Kwetu, mahindi ya mbegu huning'inizwa juu ya moto wa kupikia, ndani ya moshi, ili yasiliwe na wadudu. Pale ndipo mahali pa heshima kuliko pote katika nyumba, ndipo panapokaa kesho ya familia. Emanueli alikipa kile kipande mahali bora alipopajua. Hakuwa mvivu wala mjanja. Alikosea kwa kupenda, na kosa la aina hiyo ndilo gumu kuliona.

Nilingoja radi ipige. Meneja alikuwa ameshafungua mdomo. Mzee Shabani akamtangulia, kwa sauti ileile ya kuombea chumvi mezani:

"Emanueli, wewe umejaribu moto wa mama yako. Huo tulishajua kwamba ni mzuri. Rangi itakaa kwenye baridi, na huko ndiko ulikopaswa kuijaribu." Kisha akaongeza, akitutazama sote, "Na mimi nilikwaruza, nikakunja, nikafuta, lakini sikuuliza ilikaukia wapi. Lete drili."

Tuling'oa ribiti zote za bawa lile, moja moja. Gervas alivua koti, akachukua drili ya pili, akafanya kazi pamoja nasi mpaka jua likazama nyuma ya ngano. Wageni walikuja kesho yake kwa barabara ya Katesh, wakaonyeshwa matrekta na kombaini, wakala mbuzi, wakaenda zao. Meneja alikaa muda mrefu bila kuitikia salamu zetu vizuri. Tulipaka kipande kingine kwa makopo yaleyale, safari hii tukakiacha bandani palepale penye bawa, na hakikukaza kamwe. Dawa ya kukaushia ilikuwa imechoka. Moto ndio uliokuwa umefanya kazi yake. Makopo tukayafukia. Tulisubiri mpaka ilipoletwa praima ya ile ndege ya kupulizia dawa, nayo tukaijaribu nje, kwenye umande wote wa Hanang, kabla ya kuigusa alumini.

Ndege iliruka kiangazi, kabla ya mvua. Hapakuwa na wageni, ila sisi wa karakana, wake kwa waume, na wale wafugaji na ng'ombe wao. Mkewe Gervas alisimama karibu nami akimnyonyesha mtoto, mkono mmoja umeshika wangu, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Viti vya ndege vilikuwa viwili. Meneja alikuwa amevaa suti, na sote tulijua kiti cha pili kimeandaliwa kwa nani. Gervas akaita:

"Emanueli, njoo ufunge mkanda."

Meneja akauliza kwa nini mpaka rangi. Gervas alijibu bila kugeuka:

"Ndani ya bawa mimi sioni. Nataka nikae na mtu atakayeniambia kilichomo."

Emanueli alipanda, akafunga mkanda. Nililia, sikuona haya, na hadi leo sioni. Waliruka, wakazunguka juu ya mabua, wakatua.

Basi, mwanangu, ninayokuachia ni haya. Kitu chochote unachotaka kukitegemea, kijaribu pale kitakapoishi. Mchumba usimpime siku ya harusi ya watu, mpime siku ya njaa na ya ugonjwa. Rafiki usimpime mkiwa mmekaa kwenye nyama choma. Hata moyo wako mwenyewe usiusifu ukiwa karibu na moto wa mama yako. Ungoje ufike kwenye baridi ya watu wasiokujua. Na ukishakosea, sema mapema ukiwa bado unaweza kung'oa ribiti. Mficha uchi hazai. Nawe utakapokuwa mkubwa wa wengine, na siku hiyo inakuja, jifunze kuuliza kama Mzee Shabani alivyouliza, kwa sauti ambayo aliyekosea anaweza kuijibu. Ukimtisha kijana, hutajua kamwe kilichomo ndani ya bawa, na utapanda humo wewe na wanao.

Mungu akujalie mikono isiyodanganya na ulimi mwepesi wa kukiri. Akupe watu wa kukuambia usichokiona. Na kila utakapoondoka ardhini, akurudishe salama kwa wanaokungoja.