Kona ya Mtaro Iliyoharibu Posa ya Paskalina

Naona aibu hata kusema. Jua linawaka, watu wa baa ya jirani wamesimama na chupa zao wanatazama, na mimi Mama Paskalina niko ndani ya mtaro nimemkumbatia kwa nyuma Mzee Tluway, baba wa kijana anayetaka kumwoa binti yangu, maji yametufika kifuani, kitenge changu kimeshakwenda na nimebaki na sketi ya ndani (yenye kiraka, msinicheke).

"Mama, niachie," ananiambia. "Mkwe hashikwi hivi."

"Shikamoo mzee," nikamjibu, maana nilichanganyikiwa, "nikikuachia utaishia ziwani Balangida."

Ilikuwa hivi. Tangu tupate mkoa wetu, Katesh imejaa mabati na sakafu, maji ya mlimani hayana pa kuzama, na mvua za siku hizi zinakawia, zikija zinamwagika zote kwa mara moja. Injinia Faustini akaletwa kutuchorea mtaro, akauchora umenyooka mpaka bondeni, karatasi alituonyesha mwenyewe. Lakini ulipita kwenye baraza la baa ya Bwana Safari, mwenyekiti wetu wa kitongoji, basi wakaongea wao wawili huko ndani, mtaro ukapigwa kona mlangoni kwangu. Nikamwuliza Faustini, "Maji yenye kasi yatakata kona hii kweli?" Akasema, "Mama, hesabu tumeshapiga."

Siku ya posa wageni walitoka Bashay. Uani tope la mvua ya juzi, ndani moshi, nikaona mifuniko ya zege juu ya mtaro ni safi, imekauka, nikapanga viti pale (nilitaka pia majirani wawaone wageni wangu). Mvua ilinyesha mlimani, kwetu hata tone. Mzee ndiyo kwanza anaanza, "Kijana wetu ameona ua hapa," maji yakafika kwenye kona, yakakosa pa kwenda, yakanyanyua mfuniko na kiti na mzee mwenyewe, akatumbukia mtaroni, nami nikaruka kumshika.

Tulitolewa wazima. Wageni wakaondoka bila kula, na mpaka leo kimya. Paskalina halii, anafua tu, nguo zilezile.

Viti juu ya mtaro sipangi tena maishani. Lakini kona sikuijenga mimi. Safari, Faustini, mnapita hapa kila siku mnanisalimia. Salamu zenu sizitaki. Pandeni pikipiki mwende Bashay, mkamwambie Mzee Tluway kwa midomo yenu nani aliupinda mtaro, binti yangu aolewe.