Kaseti ya Kombe la Dunia

Watu wa mtaani kwetu walisema sitaweza kuendesha hata redio ya kilabu cha pombe. Nikarudi Morogoro na stashahada ya ufundi wa sauti kutoka Ulaya na, kwa kuwa serikali ilishaachia huru biashara ya bidhaa za nje, nikashusha spika ambazo mji haujapata kuziona. Kwenye fainali ya mpira ya tarafa nikaombwa nipige wimbo wa Kombe la Dunia.

Jukwaani niliketi na Mzee Gervas, baba yake Stella, ambaye jioni ile angejibu posa yangu. Nilishamweleza kwamba Ulaya nilikuwa meneja tangu siku ya kwanza.

Nikashika kipaza sauti. “Wimbo huu huheshimiwa kama wa taifa. Simameni wima, asitikisike mtu mpaka niseme.”

Uwanja mzima ukasimama, kofia zikavuliwa. Wimbo ulipokaribia mwisho, ndipo nikakumbuka nilikuwa nimeurekodia juu ya kaseti iliyokuwa kabatini kwa mama: barua ya sauti niliyomtumia nilipokuwa huko. Redio ya kaseti, na kijana niliyemwachia aiwashe, ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nikainua mguu nikimbilie kuizima.

“Tulia, baba,” Mzee Gervas akaninong'oneza. “Si umesema tusitikisike?”

Nikatulia. Wimbo ukaisha, spika zikakwaruza, kisha ikatoka sauti yangu: “Shikamoo mama. Huku bado naosha masufuria, mikono imechubuka. Wakikuuliza, waambie mimi ni meneja.”

Mzee Gervas aliendelea kutazama mbele, wima.

“Bwana meneja,” akasema taratibu, “tukae, au bado kuna ubeti?”